MAMA, NYWELE ZAKO ZINAGEUKA

Mama mpendwa, labda umefika miaka 48 au 50, na watoto wako wa kwanza wamekwisha kuoa na kuolewa. Siku moja binti yako anakusuka nyuma ya nyumba, naye ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Mama, hapa katikati nywele zimekuwa haba." Au unatazama kichana, unaona nywele nyingi zimebaki katika meno yake. Mvi zilizokuwa mbili tatu juu ya sikio zimeenea. Tena kidevuni umegusa unywele mmoja mgumu ambao hukuwa nao zamani. Humwambii mtu. Unafunga kitambaa chako asubuhi kabla watu hawajaamka.

Wanawake wengi hutujia hospitali kwa maumivu ya magoti au ya mgongo. Wanapimwa, wanapewa dawa, wanaaga. Ndipo, mkono ukiwa tayari juu ya mlango, wanageuka na kusema kwa sauti ndogo, "Munganga, na hizi nywele?" Tunajua kwamba mara nyingine neno hili la mlangoni ndilo lililowaleta. Basi tumeona vema kuliandika, ulisome nyumbani kwako bila haya, au usomewe na mwanao.

Utaona kwamba mambo mengi ya nywele katika umri huu ni kazi ya mwili tu, wala hayahitaji dawa. Machache ni alama ya ugonjwa, na hayo yanataka kuletwa mapema. Na jambo moja linaweza kuua mtu mwenye afya nzuri kabisa: ni unga mweusi wa kupaka mvi. Usiache kusoma mpaka ufike hapo.

KAZI YA MWILI

Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja upande huu wa tumbo la uzazi na kimoja upande ule. Tangu ujana vifuko hivi hutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Homoni ni kama mjumbe: inatoka mahali pamoja, inapita katika damu, na kuamuru kazi mahali pengine. Estrojeni ndiyo inayosimamia damu ya mwezi, lakini ina kazi nyingine nyingi katika mifupa, katika ngozi, na katika nywele pia.

Kwa wanawake wengi, kati ya miaka 45 na 55, vifuko hivi huchoka. Kwanza damu ya mwezi inapoteza utaratibu. Inaruka miezi miwili, inarudi nyingi, inaruka tena. Halafu inakoma. Ikipita miezi 12 bila damu, tunasema imekoma kabisa. Ndiyo hali inayosemwa juu ya Sara katika Kitabu cha Mwanzo, nayo si ugonjwa. Lakini mwanamke ambaye damu yake inakoma kabla ya miaka 40 aje hospitali, maana huo si wakati wake.

Sasa fikiri juu ya shamba lako la migomba. Haimo migomba yote ya umri mmoja. Huu unachipuka, ule umezaa, mwingine umekatwa jana. Na shamba linabaki shamba. Kichwa chako ni vivyo hivyo. Kina nywele zipata 100,000, na kila unywele una zamu yake. Unakua kwa miaka kadhaa, karibu sentimita moja kila mwezi, kisha unapumzika miezi kama mitatu, unaanguka, na mwingine unaota katika kishimo kile kile. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku. Mama anayefumua misuko ya majuma manne ataona fungu kubwa la nywele mkononi, akaogopa. Asiogope. Ni zile za siku zote thelathini ambazo hazikupata njia ya kuanguka.

Estrojeni ikipungua, kila unywele unakua kwa muda mfupi kuliko zamani, na unakuwa mwembamba. Vishimo vingine hukaa vitupu muda mrefu kabla ya unywele mpya kuota. Ngozi ya kichwa nayo inakauka, na nywele hukatika upesi. Mara nyingi kupungua huku huonekana katikati ya kichwa, pale unapotenga njia ya kusuka, na njia hiyo inaonekana pana kuliko mwaka jana. Nywele za mbele hubaki. Mwanamke hawi na upara kama wa mume wake, ila kwa nadra.

Wakati huo huo wanawake wengi hupata joto la ghafla linalopanda kifuani mpaka usoni, na jasho jingi usiku. Jasho likikaa chini ya kitambaa au chini ya nywele za kubandika, kichwa kinawasha, unakikuna, na kukuna kunakata nywele. Lala na kitambaa chepesi, si kile kizito cha baridi, na ukifue mara nyingi. Osha kichwa kwa majuma mawili mara moja kwa uchache. Kisha paka mafuta kidogo. Yale mafuta yanayotoka ndani ya kokwa ya ngazi yanafaa, hakuna lazima ya kununua chupa ya bei kubwa.

Na mvi je? Watu husema mvi huletwa na kukoma kwa damu. Sivyo. Ndani ya kila kishimo mna chembe ndogo sana zinazotia rangi katika unywele unapoota. Chembe hizo zikichoka, unywele unatoka mweupe tangu shina. Kwetu sisi watu weusi kazi hii huanza mara nyingi karibu na miaka 45, ndiyo maana inaonekana kuja pamoja na kukoma kwa damu. Wanaume nao wanapata mvi, wala hawana damu ya mwezi. Ukitaka kujua utaota mvi lini, mwulize mama yako yeye aliota lini, maana jambo hili ni la ukoo. Unywele uliokwisha kuota mweusi haugeuki mweupe usiku mmoja. Unakaa na rangi yake mpaka uanguke. Tena, kung'oa mvi moja hakuzalishi mvi saba, kama wanavyosema wasichana. Lakini ukizoea kung'oa, unaumiza shina, na mwisho kishimo hakioti kitu.

Hakuna dawa ya kunywa inayorudisha weusi wa mvi za uzee. Anayekuuzia dawa hiyo ndani ya gari, akipiga kelele mpaka mwisho wa safari, anauza maneno.

NDEVU ZA MAMA SI UCHAWI

Hapa tunataka kusema wazi, na wanaume wasikie pia.

Mwili wa kila mwanamke hutengeneza homoni kidogo ya namna ya kiume. Ni hali ya kuumbwa kwake. Katika ujana estrojeni ni nyingi, hivyo ile nyingine haionekani. Estrojeni ikipungua, ile ya kiume inabaki bila mshindani, na nywele chache ngumu zinaota kidevuni au juu ya mdomo. Zinaweza kumwota mke wa mchungaji, na mwalimu wa shule, na nyanya anayelea wajukuu. Hazina maana nyingine yo yote.

Lakini katika Kongo yetu wanawake wazee wanafukuzwa nyumbani kwa sababu ya alama kama hizi. Watu wanahesabu: ana mvi, ana ndevu, ana macho mekundu, mtoto wa jirani amekufa, basi ni mchawi. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake waliuawa kwa kushtakiwa hivyo. Tunaomba kila mwenye akili afikiri. Macho ya mama mzee yamekuwa mekundu kwa sababu amepika miaka 40 ndani ya nyumba isiyo na tundu la kutoa moshi, akiwapikia hao hao wanaomshtaki. Mvi zake ni za miaka yake. Ndevu zake ni za homoni, na munganga anaweza kukueleza njia yake hatua kwa hatua. Na mtoto aliyekufa, mara nyingi alikufa kwa malaria au kwa kuhara, akachelewa kuletwa.

Ninyi vijana, kama nyanya yenu anaona haya kwa ajili ya unywele wa kidevu, mkatieni kwa mkasi mdogo, maana macho yake hayaoni vizuri karibu. Ninyi wazee wa kanisa, neno la uchawi likianza kunong'onwa juu ya mjane, msingoje likue.

Mama anayetaka kuziondoa na aziondoe. Atumie kibano au mkasi, au wembe mpya ulio wake peke yake. Wembe wa jirani hupitisha damu ya mtu kwa mtu, na pamoja na damu virusi vya ukimwi na vya ugonjwa wa ini. Kunyoa hakufanyi ndevu kuwa nyingi wala nene. Unywele uliokatwa una ncha butu tu, kwa hiyo kidole kinausikia mgumu. Lakini kama nywele nyingi zinatokea usoni na kifuani katika miezi michache, na sauti inakuwa nzito kama ya mwanamume, njoo hospitali. Hiyo si hali ya umri. Pengine uvimbe ndani ya mwili unatengeneza homoni hizo.

MAMBO TUNAYOJIFANYIA

Tumesema umri unapunguza nywele. Lakini vichwa vingi tunavyoviona havikuharibiwa na umri. Viliharibiwa na mikono.

Nywele za mama wa miaka 50 haziwezi kuvutwa kama za msichana wa miaka 15. Misuko ikivutwa mpaka paji la uso linanyoka na macho yanapanda, mashina ya nywele yanang'olewa polepole. Utaona vipele vidogo kando ya nywele, hasa juu ya masikio. Baadaye nywele za pale zinaisha, na ukiendelea miaka mingi haziti tena, maana vishimo vimeziba. Ukisukwa na usiku ukashindwa kulala mpaka unywe dawa ya maumivu, usiseme, "Nitazoea." Fumua. Afadhali hasara ya fedha ya msusi. Na meshi nzito ndefu mpaka kiunoni zinavuta mchana na usiku. Mama mwenye nywele haba asukwe mistari minene isiyovutwa, tena apumzishe kichwa majuma machache kabla ya kusukwa mara nyingine.

Wanawake wa milimani wanaobeba mihogo na kuni mgongoni kwa kamba inayopita juu ya kichwa wanajua jambo jingine: pale kamba inapopita, nywele zinasuguliwa kila siku mpaka zinakwisha. Hatuwezi kusema, acheni kubeba, maana watoto watakula nini? Lakini kitambaa laini kilichokunjwa mara nne chini ya kamba kinasaidia, na kubadilisha mahali pa kamba kinasaidia pia. Na mwenye mwana wa kiume mwenye nguvu na ampe mzigo ule.

Dawa ya kunyosha nywele ni kali. Inaweza kuunguza ngozi ya kichwa kama maji ya moto, na kidonda chake kikipona kinaacha kovu lisiloota nywele. Ukiisikia inachoma, ioshe mara moja kwa maji mengi. Usingoje saa itimie. Tena usinyoshe nywele na kuzipaka rangi siku moja. Pumzisha majuma mawili katikati.

Kuna ugonjwa mmoja tunaotaka uujue, maana huwapata hasa wanawake weusi wa umri wa makamo, nao unafichwa chini ya kitambaa mpaka umeharibu kila kitu. Unaanza utosini. Mahali padogo pa mviringo panawasha, au panachoma kama pilipili, au panauma ukipagusa. Nywele za pale zinakatika fupi fupi. Duara linapanuka mwaka kwa mwaka. Ngozi inakuwa laini na kung'aa kama ngozi ya tunda, na ukiitazama karibu huoni vishimo. Vishimo vikiisha kuziba hakuna munganga anayeweza kuvifungua. Lakini akija mapema, kuna dawa za kupaka na za kunywa zinazozuia duara lisiendelee. Kwa hiyo usiseme, "Ni uzee," kama utosi unawasha na kuchoma. Uzee hauchomi.

KUANGUKA KUNAKOTOKA NDANI

Mara nyingine nywele zinaanguka kwa sababu mwili unakosa kitu, nao ni rahisi kudhani ni umri.

Damu kwanza. Tumesema kwamba kabla ya kukoma, damu ya mwezi inaweza kuja nyingi sana. Mama anamwaga damu siku nane au kumi, mwezi kwa mwezi, naye anaona ni kawaida. Mwisho anachoka akipanda kilima kidogo, moyo unapiga, viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, na nywele zinaanguka. Huyu hahitaji mafuta ya kichwa. Anahitaji kupimwa damu, kupewa vidonge vya chuma, na kuangaliwa kwa nini anamwaga hivyo. Chakula kinasaidia pia: maharagi, lengalenga, sombe, nyama kama ipo, na samaki wadogo. Sambaza wa Ziwa Kivu, ambao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni chakula kizuri, nao wanaliwa wazima na mifupa yao, jambo linalofaa mifupa ya mama wa umri huu. Mnakumbuka watoto wenye kwashiorkori, namna nywele zao zinavyokuwa nyekundu, laini na haba: pale chakula cha kujenga mwili kilikosekana, na nywele zilionyesha. Nywele za mtu mzima nazo hula katika sahani yake.

Pili ni tezi ya shingo. Katika miaka ya 1960 waganga walichunguza watu wa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, wakakuta wengi wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo, kwa kuwa udongo na chakula cha huko kilikosa iodi. Baadaye walionyesha kwamba mihogo isiyoandaliwa vizuri inaongeza shida hiyo. Tezi ikikosa nguvu, mtu anasikia baridi wakati wengine wanasikia joto, ananenepa bila kula sana, sauti inakwaruza, choo kinakuwa kigumu, ngozi na nywele zinakauka na kuanguka, hata nyusi zinakwisha upande wa nje. Watu wanasema, "Ni kukoma kwa damu." Kumbe ni tezi, na kidonge kimoja kila siku kinamrudishia nguvu. Mnunue chumvi yenye iodi, muiweke katika chombo chenye kifuniko. Na mihogo michungu iloweshwe siku zake zote, msiifupishe kwa haraka ya soko.

Tatu, homa kubwa, upasuaji au huzuni ya kufiwa inaweza kuangusha nywele nyingi kwa pamoja. Lakini hazianguki siku ile. Zinaanguka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mtu amekwisha kupona na kusahau, kwa hiyo anatafuta mchawi wa sasa kwa kosa la zamani. Nywele hizi kwa kawaida huota tena zenyewe.

Na neno moja lisilo la nywele, lakini hatuwezi kuliacha. Damu ya mwezi ikiisha kukoma miezi 12, halafu siku moja ukaona damu tena, hata tone, usifurahi kwamba ujana umerudi. Njoo hospitali juma lile lile. Inaweza kuwa alama ya kansa, na ikionekana mapema mara nyingi inatibika.

RANGI NYEUSI

Wengine hutuuliza kama kupaka mvi rangi ni dhambi. Swali hili mpelekee mchungaji wako. Sisi wa hospitali tunaangalia ngozi, macho, koo na mafigo.

Hatumgombezi mama anayepaka. Mmoja anauza vitenge sokoni na wateja wanakwenda kwa wasichana. Mwingine ameolewa na mume asiye na mvi. Mwingine hapendi mvi tu, na kichwa ni chake. Tena hatumhurumii anayeziacha, maana mvi safi zilizokatwa fupi na kupakwa mafuta zinapendeza, nazo hazigharimu kitu. Shida yetu ni kile kilichomo ndani ya pakiti.

Rangi nyingi nyeusi zinazokaa nyweleni muda mrefu zina kitu kiitwacho PPD. Juu ya karatasi ya pakiti utaona herufi hizo tatu, au neno refu p-phenylenediamine. Bila kitu hiki ni vigumu kupata weusi unaodumu, kwa hiyo wanaotengeneza rangi wanakitumia. Sheria ya Ulaya hairuhusu zaidi ya sehemu 2 katika 100 za rangi iliyo tayari kupakwa. Lakini unga au vijiwe vyeusi vinavyouzwa sokoni kwa kijiko, bila karatasi na bila jina, vinaweza kuwa PPD karibu tupu. Hapo hujui unapaka kiasi gani.

PPD ina ubaya wa namna mbili. Kwanza, mwili wa watu wengine unaikataa. Tena haukatai siku ya kwanza. Mama anaweza kupaka miaka mitano kwa amani, na mara ya sita kichwa kinawasha, siku ya pili masikio na paji la uso vinavimba, maji yanatoka katika ngozi, na macho yanafumba kabisa. Mwili ukiisha kuikataa mara moja, utaikataa siku zote. Mama huyu asipake tena rangi yenye PPD maisha yake yote, hata kama pakiti imebadilisha picha.

Pili, ikiingia tumboni ni sumu kali. Waganga wa Sudani na wa Moroko wameandika habari za watu wengi walioimeza, wengine kwa bahati mbaya, wengine kwa kutaka kujiua. Uso na shingo vinavimba, ulimi unajaza kinywa, koo linafunga. Anayeokoka hapo, mkojo wake unakuwa mweusi kama kahawa, maana nyama za mwili zimeharibika, na baada ya siku chache mafigo yanaacha kufanya kazi. Hakuna dawa moja inayoondoa sumu hii. Munganga anaweza kutoboa shingo ili mgonjwa avute pumzi, na kumpa maji katika mshipa, na kuomba mashine ya kusafisha damu, ambayo katika sehemu nyingi za nchi yetu iko mbali sana.

Kwa hiyo, kama una rangi nyumbani, usiiweke katika chupa ya soda wala katika kikombe. Iweke juu, mahali ambapo mjukuu hafiki, ndani ya pakiti yake. Na kama katika nyumba yako mna mtu mwenye huzuni nyingi, usiiweke kabisa.

Anayetaka kupaka afanye hivi. Anunue pakiti iliyofungwa, yenye maandishi, na mtu amsomee maandishi yale. Siku mbili kabla, achanganye kidogo sana, apake tone nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, aliache, angoje saa 48. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakivimba, atupe pakiti yote. Afanye jaribio hili kila mara, siyo mara ya kwanza tu. Jaribio likiwa jema hatari imepungua, lakini haikuisha. Siku ya kupaka avae mifuko ya mpira mikononi, na kichwa kisiwe na kidonda wala kisiwe kimekunwa. Asipite dakika zilizoandikwa. Kukaa na rangi usiku mzima hakuzidishi weusi, kunazidisha kuungua. Aoshe kwa maji mengi mpaka yatoke safi. Na asipake kamwe nyusi wala kope, maana rangi ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Pengine utaambiwa, "Mimi ninatumia hina tu, ni majani." Hina ya kweli ni unga wa kijani, nayo ikipakwa kwenye mvi inatoa rangi ya chungwa au wekundu wa udongo. Haitoi weusi. Unga unaoitwa hina nyeusi, unaofanya nywele kuwa nyeusi kwa nusu saa, umetiwa kitu, na mara nyingi kitu hicho ni PPD ile ile. Hina ya kweli haina shida kubwa kwa mtu mzima, lakini usimpake mtoto mchanga hata kidogo. Katika nchi yetu watoto wengi wamezaliwa na hali ya damu ambayo kwayo hina inaweza kuvunja damu yao.

Unga mweusi wa ndani ya mawe ya redio na tochi usiupake. Una madini na chumvi kali zinazochoma ngozi. Na dawa ya viatu ni ya viatu.

Ikiwa umekwisha kupaka na kichwa kinaanza kuchoma, osha sasa hivi kwa maji mengi na sabuni, wala usingoje kuona. Ukivimba macho au masikio, njoo hospitali siku ile. Ukisikia koo linabana, sauti inabadilika, pumzi inakuwa fupi, usije kwa miguu: pikipiki, gari, machela, cho chote kilicho karibu, hata usiku. Kama mtu amemeza rangi, msimtapishe kwa kidole wala msimpe mafuta ya mawese anywe. Mleteni mara moja, hata kama bado anasema na kucheka. Kuvimba kunaweza kuchelewa saa chache. Na mchukue pakiti au kipande chake ili munganga asome.

UKITUJIA

Tusikudanganye: nywele za miaka 20 hazirudi. Iko dawa ya maji ya kupaka iitwayo minoksidili, inayosaidia wanawake wengine ambao nywele zimepungua kwa umri. Inapakwa kila siku, haionyeshi kitu kabla ya miezi minne au sita, na ukiiacha ulichopata kinapotea tena. Fikiri mfuko wako kabla ya kuanza. Pengine inaotesha nywele usoni pia, na mwenye mimba asiitumie. Vidonge vya homoni tunavitoa kwa wengine wenye joto na jasho la kuwazuia kulala, baada ya kuwapima. Hatuvitoi kwa ajili ya nywele peke yake. Vidonge vya vitamini kwa anayekula maharagi, mboga na samaki haviongezi kitu kichwani.

Siku ya kuja, njoo na nywele zilizofumuliwa, bila meshi na bila mafuta mengi, ili ngozi ionekane. Kumbuka mwezi ambao damu yako ilikoma, au kama bado inakuja. Leta kila dawa unayokunywa na kila kitu unachopaka kichwani, pamoja na kile ulichopewa na jirani ndani ya karatasi. Ukiona haya mbele ya wanaume, mwambie muuguzi wa mapokezi neno hili tu, "Nataka kuonana na mama," naye atakupeleka katika chumba chenye mlango. Kitambaa utakivua humo.